Mwenye Kutoa na Deni la Shukrani

Wazee walisema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Watoto hufundishwa neno hili shuleni, nao hulikariri bila shida, kwa kuwa bado hawajatoa kitu. Lakini mtu mzima aliyekwisha kutoa mara nyingi ajua kwamba baada ya kutoa huja jambo la pili lililo gumu kuliko la kwanza, nalo ni kungoja neno la asante lisilokuja. Je, mtu huyo amedhulumiwa? Je, uchungu alio nao waonyesha kwamba hakutoa kwa moyo safi? Na je, tangu sasa aache kutoa? Yafaa maswali haya matatu yatazamwe polepole, kwa maana watu wema wengi wameharibika moyo kwa kukosa kuyajibu.

Mfano wa Likasi

Likasi ni mji wa shaba, ulio umbali wa kilometa 120 hivi kutoka Lubumbashi, katika njia iendayo Kolwezi. Wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ndiyo iliyojenga pale viwanda na kambi za wafanyakazi. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali ya kampuni ile, ikaunda kampuni yake ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Mfanyakazi wa Gécamines hakupata mshahara tu. Alipata nyumba, mfuko wa unga wa mahindi, hospitali kwa mke na watoto, na shule. Ndiyo sababu watu wa Katanga walisema kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama.

Kisha baba huyo akaanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, mitambo ikachakaa, mishahara ikakaa miezi mingi bila kulipwa. Hata ulipofika mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000, waliokwisha kutumika miaka 25 au kupita, waliagwa kwa malipo ya mara moja.

Na achukuliwe kwa mfano mtu mmoja miongoni mwa hao. Jina halihitajiwi, kwa maana wa namna yake hawakosekani katika mitaa ya Kikula wala ya Panda. Alizaliwa mwaka 1952, akaingia kiwandani kijana, akatoka mwaka 2003 mvi zikianza kuonekana. Alipopokea fedha zake, habari ilifika kwa ndugu kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Alitengeneza paa la nyumba, akanunua mashine ya kusaga mahindi ili apate riziki ya uzee. Zilizobaki zilikwenda kwa watu: dawa ya shangazi, jeneza la jirani, na zaidi ya yote masomo ya mtoto wa dada yake. Siku zile serikali ilikuwa imeacha kuwalipa walimu ipasavyo, na wazazi ndio waliobeba mzigo huo. Mjomba alimlipia mpwa wake miaka sita ya shule ya sekondari. Ilipobaki miaka mitatu ya masomo ya ufundi na fedha zikawa zimekwisha, aliiuza mashine.

Mpwa alimaliza, akapata kazi katika mgodi karibu na Kolwezi. Mara kadhaa kila mwaka husafiri kwenda Lubumbashi na kurudi. Gari husimama Likasi, abiria hushuka, hununua ndizi na maji, hupanda tena. Yeye hakushuka hata siku moja kwenda kumsalimu mjomba wake. Jambo hilo mjomba alilivumilia. Lakini siku moja, katika matanga ya ndugu wa mbali, alimsikia kijana akiwaambia wenzake, “Mimi nimejisomesha kwa taabu zangu mwenyewe.” Mjomba aliondoka bila kula.

Usiku ule mke wake alimwambia, “Baba, laiti ungalimpa yule mtoto unga tu, mashine ingalikuwapo hata leo.” Hakujibu. Lakini baada ya majuma machache alikuja mtoto wa dada yake mwingine, binti aliyefukuzwa shule ya sekondari kwa kukosa karo. Alisimama mlangoni, akapiga magoti kidogo kama desturi, akasema, “Mjomba, mama amenituma.” Naye akamjibu, “Rudi, umwambie mama yako kwamba mjomba yule aliyekuwa akitoa amekufa.”

Binti alirudi kwa miguu. Hapa ndipo penye neno zito. Mpwa alikosa shukrani, na binti ndiye aliyelipizwa. Uchungu wa mtoaji, usipopata jibu la haki, huwaangukia wasio na kosa.

Je, amedhulumiwa?

Wako watu wasemao upesi kwamba mtoaji hana haki ya kuona uchungu, ati aliyetoa kwa kweli hatazami nyuma. Maneno hayo yasikika kuwa matakatifu, lakini si ya kweli. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, alifundisha kwamba shukrani ni fadhila iliyo jirani ya haki, kwa sababu ni deni. Asiyeshukuru, basi, amekosa jambo linalompasa. Tena alionyesha kwamba deni hilo lina ngazi tatu. Ya kwanza ni kuutambua wema uliotendewa. Ya pili ni kuusema kwa kinywa. Ya tatu ni kuurudisha kwa wakati wake na kwa kadiri ya uwezo. Kukosa ngazi ya tatu ni kosa dogo, na mara nyingi si kosa, kwa kuwa maskini hana cha kurudisha. Kukosa ya kwanza ndilo kosa kubwa, yaani kuusahau wema au kuukana. Hakika mjomba hakuumizwa kwa kukosa fedha wala zawadi. Aliumizwa kwa kuwa wema wake ulikanwa mbele ya watu, ukawa kama haukuwapo kamwe.

Wala mtu asidhani kwamba Injili yadharau jambo hili. Mwinjili Luka asimulia habari za wakoma kumi waliotakaswa, na mmoja tu, naye Msamaria, ndiye aliyerudi kushukuru. Bwana hakunyamaza kana kwamba haikuwa neno. Aliuliza habari za wale tisa. Basi kuuona utovu wa shukrani, hata kuutaja, si dhambi. Lakini msomaji na aangalie pia jambo ambalo Bwana hakulitenda. Hakuwarudishia wale tisa ukoma wao, wala hakumfungia mlango mgonjwa wa kumi na moja.

Basi shukrani ni deni. Lakini ni deni la namna gani? Seneca, Mrumi aliyeishi wakati wa Mitume, aliandika vitabu saba juu ya fadhila, na katika kimojawapo aliuliza kama yafaa asiyeshukuru ashtakiwe mbele ya waamuzi kama adaiwavyo mkopaji. Alijibu kwamba haifai. Siku ile shukrani itakapodaiwa barazani, zawadi itageuka kuwa mkopo, na uzuri wa pande zote mbili utapotea: aliyetoa atakuwa mfanyabiashara, na aliyeshukuru atakuwa mtu aliyeogopa hukumu. Shukrani, basi, ni deni la ajabu. Anayedaiwa hana budi kulilipa, lakini anayedai hana ruhusa ya kulitoza. Mjomba amekosewa kweli, lakini hakuna hati mkononi mwake, wala haipasi iwepo.

Je, moyo wake haukuwa safi?

Swali la pili lachoma zaidi, kwa kuwa laelekezwa ndani. Adui wa amani humnong'oneza mtoaji, “Kama waona uchungu, basi hukutoa, uliuza.” Je, ni kweli?

Neno hili laweza kupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza: tuseme mpwa angalituma fedha zote alizolipiwa, bila kupunguza hata faranga moja, lakini kwa mkono wa dereva, bila salamu wala neno. Je, mjomba angaliridhika? Hasha, angaliumia zaidi. Basi hakutaka malipo. Mizani ya pili: tuseme mpwa angalimsifu mjomba kila siku barabarani, lakini akawa mlevi, masomo yakapotea bure. Je, mjomba angaliridhika? Hata kidogo. Basi hakutaka sifa tu. Alitaka mambo mawili ambayo si machafu: mema ya mtoto yule, na kutambuliwa naye kuwa mtu, si mfuko wenye fedha. Anayetamani kutambuliwa na wale awapendao hajauza kitu. Atamani udugu, na udugu ndio uliomfanya atoe.

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, alilitambua jambo hili kabla ya kuzaliwa Kristo. Alisema kwamba aliyetenda wema humpenda aliyetendewa kuliko yule anavyompenda yeye, nao watu hustaajabu, kwa kuwa wangetazamia kinyume. Sababu yake ni kwamba mtendaji ni kama fundi, na aliyetendewa ni kama kazi ya mikono yake. Kila fundi huipenda kazi yake kuliko kazi ile ambavyo ingempenda fundi, kama ingekuwa na uhai. Mfua shaba auonaye mkufu alioufua shingoni mwa mtu hugeuka kuutazama, mkufu haugeuki. Mjomba amtazama kijana yule na kuona miaka tisa ya maisha yake mwenyewe, na mashine iliyouzwa. Kijana ajitazama na kuona usiku wa kusoma kwa kibatari, njaa, na mitihani. Yote mawili ni kweli. Kila mmoja akumbuka taabu aliyoibeba kwa mgongo wake, wala si ile iliyobebwa na mwenzake.

Upande wa mpokeaji

Hapa yafaa mtoaji ashuke kitini mwake na kukaa kidogo mahali pa mpokeaji, kwa maana kupokea ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza iko desturi. Kwa Walamba na Wabemba, kama kwa makabila mengine ya nchi hizo za shaba, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Mtoto aliyelelewa hivyo huona kwamba mjomba akimsomesha ametimiza wajibu, wala hakumtendea hisani. Nani humshukuru mtu kwa kutimiza wajibu? Zaidi ya hayo, Likasi yenyewe ilijifunza kupokea katika shule ya kampuni. Unga na hospitali havikuwa sadaka, vilikuwa jasho la watu likirudi kwa njia nyingine, na watu walikuwa na haki ya kuvipokea bila kuinama. Kampuni ilipoanguka, haja hazikuanguka pamoja nayo. Zilihamia kwenye milango ya ndugu wachache waliobaki na fedha. Kilichobebwa zamani na kampuni nzima kikawekwa juu ya mabega ya mtu mmoja, na watu wakaendelea kupokea kwa mkono ule ule waliouzoea.

Pili iko haya. Aliyekusaidia amekuona uchi. Ajua siku uliyolala bila kula na kiatu ulichokifunga kwa kamba. Kijana akipata kazi na shati jeupe, mara nyingine huwakwepa wale waliomjua bila shati. Watu husema amejaa kiburi, kumbe ni haya iliyovaa nguo ya kiburi. Jambo hili si zuri, lakini si chuki.

Tatu, yako masimango, na neno hili mjomba hataki kulikumbuka. Mara mbili tatu, wageni walipokuwapo, alimwita kijana akasema huku akicheka, “Mnamwona huyu? Bila mimi angekuwa anachuuza makala barabarani.” Wageni walicheka. Kijana naye alicheka, kwa kuwa karo ya muhula uliofuata ilikuwa haijalipwa. Lakini maneno yale hayakutoka moyoni mwake. Chakula cha masimango hushibisha tumbo na kuacha njaa pengine. Yule aliyesema katika matanga kwamba alijisomesha mwenyewe alisema uongo. Lakini uongo ule ulikuwa pia jibu la maneno yale ya zamani, lililochelewa miaka mingi. Kila aliyetoa, kabla ya kuuliza kwa nini hashukuriwi, na ajiulize kwanza kama hakujishukuru mwenyewe mbele ya watu kwa kinywa cha mwenzake.

Je, aache kutoa?

Laweza kutokea pingamizi hapa: “Kama mpokeaji ana udhuru siku zote, basi wajinga ni wale watoao. Wako wanaokuja na karatasi ya dawa ya mwaka jana, wapewe fedha, wakanywe pombe.” Pingamizi hili ni la haki, wala haifai kulijibu kwa maneno laini. Upendo hauagizi upofu. Mtakatifu Tomaso, alipouliza kama asiyeshukuru anyimwe fadhila, alijibu kwa hatua. Mtoaji asifanye haraka kumhukumu mwenzake kuwa hana shukrani, kwa kuwa huenda anayo bila kupata nafasi ya kuionyesha. Tena, ajapoona kwa hakika kwamba hana, aendelee kumtendea mema, ili yamkini ashindwe na wema. Lakini kama wema wenyewe wazidi kumharibu, mtoaji na aache.

Msomaji na aone vema sababu ya kuacha. Mtu aacha kwa ajili ya mema ya yule mwingine, kama mganga asimamishavyo dawa iliyogeuka sumu. Aachaye kwa kisasi ametoka katika njia ya upendo, hata kama mkono wake umefanya tendo lile lile. Na afungaye mlango kwa binti kwa sababu ya kosa la kijana hana udhuru wowote, kwa maana binti hakupata hata nafasi ya kushukuru au kutoshukuru.

Yako mashauri machache yanayofaa kwa wote wawili. Mtoaji na aamue kabla ya kufungua mkono kama atoa au akopesha, naye aseme wazi, kwa kuwa chuki nyingi za ndugu zimezaliwa na fedha zisizojulikana jina lake. Na atoe kiasi ambacho, kikipotea, hakitamfanya amchukie mtu. Kutoa kidogo kwa amani ni bora kuliko kutoa kingi kwa uchungu, na kuuza mashine ya riziki ni jambo la kufikiriwa na mke na mume pamoja. Akiisha kutoa, asilitaje tena, wala kwa mzaha. Mpokeaji naye asingoje mpaka awe tajiri ndipo ashukuru. Asante haina bei. Kushuka garini kwa saa moja, kuketi, kupokea bukari na sombe aliyoipika mke wa mjomba, kueleza habari za kazi: hayo yangalitosha kulipa miaka tisa. Na asiyeweza kushuka na atume salamu. Tena wazazi na wawafundishe watoto kushukuru kwa kuwashukuru wao wenyewe, mtoto aletapo maji ya kunywa.

Deni la zamani

Imebaki jambo moja, nalo ndilo linaloufungua moyo uliofungwa.

Mjomba yule alikuwa na miaka tisa mwezi wa Septemba 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo, na askari Waairishi wa Umoja wa Mataifa wakapigana na jeshi la Katanga hapo Jadotville. Siku zile za hofu wazazi wake walikuwa mbali. Jirani mmoja, mwanamke mwenye watoto wengi, alimwingiza nyumbani kwake na kumlisha pamoja na watoto wake majuma kadhaa. Hakuna aliyemwagiza wala kumlipa. Wazazi waliporudi, mtoto alikimbia kwao, na mambo yakaishia hapo. Alikua, akaingia kiwandani, akaoa. Mara ngapi alipita mbele ya mlango wa mama yule akienda kazini? Haiwezekani kuzihesabu. Je, aliingia hata siku moja kumwambia asante? Hakuingia. Hakumchukia wala hakumdharau. Hakukumbuka tu. Siku mama yule alipozikwa, yeye alikuwa zamu ya usiku.

Usiku mmoja baada ya kumfukuza binti, jambo hili lilimrudia bila kuitwa. Akajiona waziwazi kwamba hakuwa peke yake yule aliyerudi kushukuru. Alikuwa pia mmoja wa wale tisa. Akafahamu kwamba hata miaka tisa aliyompa mpwa wake, bila yeye kujua, ilikuwa ndiyo bukari ya mama yule ikiendelea na safari. Maji ya mto hayarudi kilimani kuishukuru chemchemi. Huteremka na kunywesha mashamba yaliyo mbele. Haki yataka mtu arudi na kumshukuru aliyemtendea mema, na heri afanyaye hivyo wakati ungalipo. Lakini deni lisilolipika tena nyuma, kwa kuwa mwenyewe amelala kaburini, laweza bado kulipwa mbele.

Asubuhi alikwenda Kikula, akamtafuta binti wa mama yule, ambaye sasa ni mzee kama yeye, akampelekea mfuko wa unga. Mwanamke akastaajabu, akasema, “Ndugu yangu, mimi sikukupa kitu.” Akamjibu, “Mama yako alinipa. Nimechelewa.” Kisha akaenda kwa dada yake kuuliza karo ya binti ni kiasi gani. Hakuwa na yote. Alitoa sehemu aliyoiweza, hakusema neno jingine, akarudi nyumbani.

Mpwa wake hajashuka garini bado. Huenda atashuka mwaka huu, huenda hatashuka kamwe. Lakini kila msomaji aliyekwisha kuumizwa na utovu wa shukrani na atafute leo, kabla ya jua kuchwa, jina la mtu mmoja aliyemlisha naye hakurudi. Akiisha kulipata, na aende.